Kitambaa Cheupe Mbooni

"Shemeji, nani ametundika kitambaa cheupe kule juu?"

Mwangangi akatazama. Kitambaa kilikuwa na jicho, na jicho lilizungukwa na pete ya buluu. Ni yule ndege dume mweupe waliyemtafuta mwaka mzima katika milima ya Mbooni! Alikuwa ameatamia kwenye kiota kidogo kama kikombe, mkia wake mrefu ukining'inia nje.

Mzungu mtafiti wa ndege aliyewaajiri alikuwa akiandika kitabuni jina la aliyemwona kila ndege kwanza. Miaka minane lilikuwa la Mwangangi peke yake. Sasa shemeji huyu, kaka wa mkewe, mgeni wa wiki tatu tu, alikuwa ameandikwa mara tano.

"Ni kitambaa tu," Mwangangi alisema. "Tangulia, nitoe mwiba mguuni."

Hatua zilipofifia, akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi wa kumwita Mzungu.

Mzungu alifika akihema, kalamu mkononi. "Nani amemwona?"

"Mimi, Bwana."

Nyuma yake shemeji aliinua macho mtini, akautazama ule mkia mweupe kwa muda mrefu.

"Na mwiba, shemeji," akauliza kwa upole, "umetoka?"