Vyombo vya Plastiki

"Alianza lini kupiga watu?" daktari wa akili alituuliza, mimi na mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa wodini, amelazwa usingizi kwa sindano.

"Alipooa," mama mkwe alijibu upesi. "Kwangu alikuwa mpole kama njiwa. Huyu mke ana mdomo, daktari."

Daktari alieleza taratibu kwamba maradhi haya ya tabia yana mizizi miwili. Wapo wanaozaliwa na ubongo wenye breki mbovu, hasira ikiwaka haishikiki. Wakikulia kwenye kipigo tena, ni petroli na kiberiti.

"Ndiyo maana nauliza ya utotoni, mama."

"Utotoni? Hakuvunja hata kikombe!"

Nikagusa nyuzi juu ya jicho langu. Mume wangu alinipasua kwa kikombe cha udongo nilichokinunua mwenyewe, nilipochoshwa na vya plastiki.

Plastiki ilikuwa zawadi yake mama mkwe siku ya harusi: sahani, vikombe, mabakuli, hata jagi. Dada zangu walicheka mpaka machozi, wakasema mkwe wangu ana mkono wa birika. Nami nilicheka. Jioni ile alipita jikoni kwangu, akakusanya glasi zote na kuondoka nazo. Alisema zinavunjika ovyo.

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Mama," nilimwambia, "ulipokuwa dukani ukichagua zile sahani, ulikuwa unamhurumia nani? Mimi, au sahani?"