Kipanya Kilichogoma Siku ya Alasita

Kishale kiliganda tena katikati ya kioo cha kompyuta. Nilda alikitikisa kipanya, akakigonga pajani, akakipuliza tumboni. Kishale kikasogea kidogo, kikaganda.

"Kimekufa tena!" aliiambia simu iliyoegemea sufuria.

"Badilisha betri," alisema mumewe, Wilfredo, kutoka Hispania. Alikuwa shambani kwenye michungwa, makasi mkononi.

"Nimeshabadilisha! Nimeweka ile ya saa ya ukutani."

Ilibaki nusu saa tu. Saa sita mchana ofisi ya viza ingefungua nafasi za miadi za mwezi mzima, na nafasi hizo, kila mtu pale mjini El Alto anajua, huisha kabla maji ya chai hayajachemka. Mwezi ujao binti yao, Yoselin, angetimiza miaka kumi na minane, na mtoto akishafika hapo, baba hana tena ruhusa ya kumwita akaishi naye Hispania. Kalenda ya miadi ilikataa kufunguka kwenye simu. Basi maisha ya watu watatu yalikuwa yamening'inia kwenye kipanya cha mtumba kisicho na waya.

"Kile kidude kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, kihamishie mbele," alisema Wilfredo. "Labda ile meza ya chuma inakizuia."

Nilda alijipenyeza uvunguni, akakichomoa. Kilikuwa kidogo kama ukucha. Alipoinuka alimkuta mama mkwe wake, Doña Eusebia, amesimama na kofia yake kichwani, tayari kwenda sokoni kwenye sherehe ya Alasita.

"Na hicho nacho ni nini?"

"Ndicho kinachounganisha kipanya na kompyuta, mama. Hiki kikigoma, hatuendi popote."

"Kadogo hivyo?"

"Kadogo hivyo hivyo."

Bibi akakisogelea, akakigusa kwa ncha ya kidole. Tangu Krismasi alikuwa akilia jikoni na kusingizia vitunguu. Jana yake alirudi na kijumba cha plasta chenye vyumba vitatu, na Nilda hakuhitaji kuelezwa. Siku ya Alasita, kitu kidogo ukikipeleka kibarikiwe saa sita kamili, mwaka hauishi kabla hujakipata kikubwa chake. Chumba cha bibi, chumba cha mkwe, chumba cha mjukuu, na wote wabaki hapa hapa. Nilda alimhurumia, lakini hasira nayo ilimpanda.

Alikichomeka kidude mbele. Kishale kikatembea vizuri, moyo ukamtulia, kisha kikaganda.

"Hiyo betri ya saa imechoka," alisema Wilfredo. "Kimbia kanunue mpya. Kimbia, mke wangu!"

Nilda akakimbia mpaka duka la kona na kurudi, akihema kwa hewa nyepesi ya mji ule wa mlimani. Akatia betri mpya. Taa ndogo ya kipanya ikawaka, lakini kishale hakikutikisika hata chembe. Akainama kutazama mbele ya kompyuta. Tundu lilikuwa tupu.

Alitafuta chini ya meza, chini ya kitanda, ndani ya viatu. Kisha akaona ule msumari wa kutundikia shali ya bibi. Shali haikuwepo. Kijumba nacho hakikuwepo.

"Mama yako amekichukua!"

"Amechukua nini?"

"Kidude! Nimemwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba bila hicho hatuendi. Sasa ameondoka nacho!"

"Mama hawezi kufanya hivyo," alisema Wilfredo, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Ngoja nimpigie."

Simu ya Doña Eusebia ikaita jikoni, chini ya aproni yake.

Saa sita ilipofika, fataki zililipuka sokoni na kengele za kanisa zikalia. Kalenda ikajaa vijumba vya kijani, kila kimoja nafasi ya miadi. Nilda alibonyeza kila kitufe alichokijua kwenye kibodi, na asichokijua pia. Kalenda ikaruka mwezi mwingine, ikarudi, ikaruka tena. Kijani kimoja kikachukuliwa, kikageuka kijivu, kikafuata kingine. "Mungu wangu, kimoja tu," aliomba, machozi yakimdondokea kwenye vidole. "Niachie kimoja tu." Kalenda nzima ikawa kijivu.

Simu ikaita. "Tumepata?" aliuliza Wilfredo.

"Muulize mama yako," alijibu Nilda, akaizima.

Alitandaza kitambaa cha kubebea mizigo mgongoni, akatupia ndani sketi za bibi, sweta zake, viatu vyake vya kanisani, na shali yake nyingine, ile ya kijani ya sikukuu. Akafunga fundo kwa nguvu zote na kuliburuta furushi mpaka mlangoni. Aende zake kwa dada yake. Akalie vitunguu huko.

Doña Eusebia aliingia akitweta, maua ya manjano yamemganda kwenye kofia, nguo zikinuka moshi wa ubani. Kabla Nilda hajafumbua mdomo, bibi alifungua leso. Ndani yake kilikuwamo kile kidude, kikichuruzika divai.

"Nimesukumana na watu mpaka nikafika mbele ya anayebariki," alisema, uso umemng'aa. "Saa sita kamili kikanyunyiziwa divai, kikafukizwa ubani. Hiki peke yake, mwanangu. Kijumba changu hakikupata hata tone. Haya, chomeka, hakitawagomea tena."

Kisha akaliona furushi mlangoni. Akaitambua shali yake ya kijani ikichungulia penye fundo, akaziba mdomo kwa mkono.

"Kumbe," alisema taratibu, "na mimi mnanichukua?"