Kikombe cha Mithu

"Hicho bado kikubwa," Hemlata alisema. "Huna kidogo zaidi?"

Fundi Theophil akaliweka bakuli chini. Akachukua kikombe chake mwenyewe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akamwaga mashapo. "Labda hiki, mama. Lakini ni utani tu."

"Hicho hicho. Kifunge pale juu."

Tangu asubuhi Hemlata alikuwa ameizunguka Kariakoo na miaka yake sabini na minne. Stendi za kasuku za bati alizikataa, za plastiki alizikataa. Mwisho akanunua ya mbao, yenye ngazi, kamba ya kuchezea na vibakuli viwili vya maana. Halafu akamletea seremala avinyofoe vibakuli vyote viwili!

"Mama, kasuku anakula. Hapa haziingii karanga ishirini. Utakuwa mtumwa wa kumjazia kila asubuhi."

"Najua."

"Na siku ukichelewa?"

"Atapiga kelele," Hemlata alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Mengine nayo yalikuwa ya ajabu. Miguu ya stendi iongezwe futi moja. Tawi la juu liwe la mpera, lisimuumize ndege, tena lifike kwenye nondo za dirisha la koridoni, wanakopita wapangaji wote. Theophil akaonya kwamba watoto watamchokoza. Wamchokoze, akajibiwa. Chupa ya maji tu ndiyo iwe kubwa, ya kutosha wiki nzima.

"Sitaki afe kwa kiu, fundi. Nataka alie kwa njaa."

Hemlata aliona jinsi fundi alivyomtazama, kama mtu mwenye roho mbaya. Acha amtazame. Fundi hakuwepo siku mzee Vallabhdas alipoteremshwa.

Mzee huyo alikuwa akiishi peke yake ghorofa ya pili, kwenye jengo lao hilo hilo la Mchafukoge. Siku tano watu walipita mlangoni pake, wakapanda na kushuka, mpaka harufu ikawaita. Wakamteremsha ndani ya shuka huku wameziba pua. Lakini si hilo lililomnyima Hemlata usingizi. Daktari alisema mzee hakufa siku aliyoanguka. Alikaa siku mbili nzima sakafuni, yu hai, akisubiri mtu.

Kwa nini basi asimwombe jirani amchungulie kila asubuhi? Thubutu! Miaka mitatu sasa anawatambia majirani kwamba mwanawe Sagar, aliyeko Kanada, anamtumia tiketi wakati wowote. "Mtashtukia sipo!" humwambia Moza wa mlango wa pili. Ukweli ni kwamba Sagar hupiga simu Jumapili, akikumbuka, na neno tiketi halijawahi kumtoka. Sasa Hemlata akaombe kuangaliwa, kwa uso gani?

Ndipo akamfikiria Mithu. Kasuku huyo kafundishwa kusema miaka kumi na mmoja, hajui neno hata moja. Lakini njaa ikimshika, hulia mpaka mtaa wa pili wanaziba masikio.

Stendi ilipofika, Mithu akaipenda papo hapo. Akapanda ngazi, akaing'ata kamba, akajikalisha dirishani kama mwenye nyumba. Kesho yake Hemlata akachelewesha karanga makusudi. Haikupita saa moja, mlango ukagongwa.

"Shikamoo, Mama Sagar. Huyu ndege vipi leo?"

"Marahaba, Moza mwanangu. Nilipitiwa na usingizi tu."

Usiku huo alilala fofofo, mara ya kwanza tangu mzee Vallabhdas afe.

Wiki ya sita, Jumatatu asubuhi, alikuwa akienda jikoni kuchukua karanga, miguu ikamwisha nguvu. Akajikuta sakafuni nyuma ya kochi. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa kama haupo. Mkono wa kushoto alikuwa ameulalia. Akajaribu kuita, ikatoka pumzi tu. Simu ilikuwa chumbani kwenye chaji, na kwa hali yake, chumbani na Kanada umbali ulikuwa mmoja.

Jamani, hakuogopa! Alimtazama Mithu kule juu, anachungulia kikombe kitupu, akasema moyoni: haya, baba, anza.

Mithu akaanza. Mwanzo kidogo kidogo, kisha kwa nguvu zake zote, kelele za kupasua kichwa. Huko juu mtu akafoka. Mlango ukafunguliwa, ukabamizwa. Ikapita saa, ikapita ya pili, na ndege hakuchoka. Halafu kandambili zikaja koridoni, zikasimama.

"Hodi! Mama Sagar!" Moza akagonga. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu. "Mama Sagar, upo?"

Machozi ya furaha yalimtoka Hemlata. Nipo, mwanangu. Nipo hapa chini. Ita watu wavunje mlango.

Uso wa Moza ukatokea dirishani, ukaangaza huku na huku. Ukaiona meza, ukaliona kochi, ukauona mlango wa chumbani uliofungwa.

"Loo! Kumbe tiketi imekuja kweli," Moza alisema. "Alhamdulillahi. Kaondoka bila hata kuaga!"

Kandambili zikaondoka, zikarudi. Mkono wenye bangili ukapenya kati ya nondo, ukakijaza kikombe karanga mpaka pomoni. Mithu akanyamaza.

"Kula, maskini, usilie tena. Nitakuletea kila asubuhi."