Kifaranga wa Bata na Wacha Mungu Watatu

Wanyama nao wana dini zao. Popo husali kichwa chini, Jogoo husali kwa kupayuka, Kobe husali ndani ya gamba. Siku moja watatu hao walikutana kutetea haki za watoto, mara akaja kifaranga wa bata analia njaa.

"Aombewe!" wakakubaliana.

Wakamning'iniza miguu juu, wakampayukia masikioni, kisha wakamfunika kwa sufuria iwe gamba lake. Bado alilia.

"Tuongeze sauti," alisema Jogoo, "Mungu asikie."

Sufuria ikainuka kidogo. "Mungu alinisikia tangu asubuhi, wazee wangu," alisema kifaranga. "Ndiye aliyenielekeza kwenu."

Kwa aibu Kobe akaingiza kichwa gambani, akatoka na mchicha aliokuwa ameuficha humo muda wote.