Utepe wa Mwenyekiti

Mgeni rasmi alizinyooshea kidole paneli za sola zilizofunika paa la ushirika wa maziwa, akamshukuru mwenyekiti Sengondo kwa kuona mbali. "Wenzenu walijenga vituo vya mafuta, leo magari ni ya umeme na vituo havina wateja," alisema. "Ninyi mna umeme wa kupozea maziwa, hayachachi tena."

Watu wakapiga makofi. Sengondo alitabasamu huku jasho likimtiririka mgongoni. Yeye ndiye aliyetaka fedha za wanachama zijenge kituo cha mafuta. Aliyepigania paneli ni Anzaeli, mjane mwenye ng'ombe wawili, na Sengondo alimkatiza mkutanoni: "Mama, jua ni la kuanikia nguo." Ukumbi mzima ulicheka, Anzaeli akakaa chini. Hata hivyo, kura zilipopigwa, paneli zilishinda kwa tofauti ya kura chache tu.

Sasa mgeni alimkabidhi mkasi akate utepe. Sengondo aliangaza macho akimtafuta Anzaeli, akamwona pembeni ya uwanja, akiosha sahani za wageni.

"Kata basi, Mwenyekiti!" watu walimhimiza.

Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti vya wageni hadi kwenye karai la vyombo, akamnyooshea Anzaeli mkasi.

"Mama, nilikufanya kichekesho mbele ya watu," alisema. "Kazi hii ni yako."

Anzaeli alimtazama usoni, kisha akajifuta mkono mmoja kwa khanga, taratibu, akaunyoosha kuupokea mkasi. Ule mwingine ulibaki ndani ya maji.