Fundo la Alfajiri

Jana waliokimbilia langoni pa kambi walikuwa elfu mbili mia tano na ishirini, namba inayogawanyika sawa kwa mbili, kwa tatu, hadi kwa kumi. Alfajiri Mwanakheri akajifungua, na Bi Shemsa, aliyehesabu watu kwa mafundo ya kamba, akafunga fundo moja zaidi.

"Pangeni makundi sawa, yasiyozidi watu kumi," askari alisema. "Atakayezidi abaki nje, kwenye risasi."

Bi Shemsa akajaribu saba, nane, tisa. Kila mara alizidi mmoja.

"Bibi, mtoto hata jina hana," Mwanakheri alinong'ona.

"Asiye na jina hahesabiwi. Mfunike, mwanangu."

Akalifungua fundo.

"Wangapi?" askari aliuliza.

"Kama jana, afande."

Kifuani mwa Mwanakheri, khanga ikaanza kutikisika.