Mshauri Aliyemshuku Kila Mnyama

"Laki mbili sikupi ng'o! Mwizi mkubwa wewe!" Kinyonga alifoka.

Nguchiro alihisi damu ikimchemka. Mfalme Kifaru ndiye aliyemkodi ajaribu kuiba neno la siri la mitambo ya taifa, ijulikane kama ulinzi una tundu. Malipo yalikuwa mikononi mwa Kinyonga, mshauri mkuu wa usalama aliyedumu chini ya wafalme watatu.

"Umemhonga nani?" Kinyonga aliuliza, jicho moja kwa Nguchiro, jingine mlangoni. "Fungo, yule mlinzi wa mitambo, sio? Nilimshuku zamani!"

"Sikumhonga mtu, mheshimiwa. Kila asubuhi unasimama langoni ukimkaripia kila mfanyakazi, 'Wewe nani? Taja neno la siri!' Au nasema uongo?"

"Kweli. Simwamini hata mama yangu."

"Basi jana niliwahi langoni kabla yako, nikakunja uso, nikakaripia vilevile. Walipita thelathini na wanane, na wote walilitaja. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Umewazoesha kuulizwa tu, hukuwazoesha kuuliza."

Kinyonga alibadilika rangi mara tatu. Kisha akamsogelea na kunong'ona, "Ndugu yangu, haya yasimfikie mfalme. Nakupa laki tano, tuseme hukupata kitu."

Nguchiro alizidi kupandwa na hasira.

"Laki tatu za juu kaa nazo. Ripoti nilimkabidhi mfalme mkononi tangu jana. Nipe laki mbili zangu."